Tufute Deni la Salamu: Barua ya Wazi kwa Rafiki Yangu wa Siku Nyingi

Rafiki yangu mpendwa,

Nimeianza barua hii mara tatu, na mara zote tatu sentensi ya kwanza imekuwa ileile: "Samahani sana kwa kimya changu." Mara ya nne nimeifuta kwa makusudi, kwa sababu niliporudi kuyasoma mazungumzo yetu ya mwaka mzima uliopita, niligundua kwamba sisi wawili hatuandikiani tena habari, bali tunaombana radhi. Wewe unaandika kwamba umebanwa. Mimi najibu baada ya wiki tano kwamba nami mambo yalikuwa mengi. Unaniambia nisijali, tutaongea. Nami naweka alama ya moyo, kisha kimya kinatanda hadi sikukuu nyingine. Mtu wa nje akiyasoma angedhani ni mazungumzo ya mdai na mdaiwa wasiokumbuka tena nani anamdai nani.

Nimechunguza jinsi deni hili linavyokua. Kimya cha siku tatu hulipwa kwa mstari mmoja. Kimya cha wiki tatu kinataka aya mbili na maelezo ya kuridhisha. Kikifika miezi mitatu, mtu huona haya kujibu kwa maandishi na kujiambia kwamba sasa inafaa simu ya saa nzima, na simu ya saa nzima inataka siku tulivu ambayo mfanyakazi wa zamu za usiku haipati. Basi huahirisha, na kila anapoahirisha riba inapanda. Wahenga walisema asiyekuwepo na lake halipo, lakini nadhani hawakuwahi kulala macho wazi mwezi wa Juni wakitunga kichwani jibu la ujumbe wa Februari.

Chukua ule ujumbe wako wa sauti wa dakika kumi na moja. Niliusikiliza siku ileile uliponifikia, ndani ya basi, nikitoka kazini alfajiri. Ulianza na habari za kazi yako mpya, ukaeleza vizuri kabisa, kisha katikati mvua ikaanza kupiga paa, ukasita, ukamwita mtu aanue nguo, hakusikia, ukaenda kuzianua mwenyewe huku simu ikiwa mkononi. Nikasikia bawaba ya mlango wako ikilia kama ilivyolia miaka yote. Nikakusikia unahema, ukasonya kwamba shati jeupe limelowa, halafu ukauliza, "Nilikuwa nimefika wapi vile?" Mimi nilikuwa nimepitiliza kituo changu.

Habari za kazi mpya nilizisikiliza mara moja tu, na nilizifurahia. Sehemu ya nguo nimeirudia mara nyingi kiasi cha kuona aibu kukwambia idadi. Hata hivyo sikujibu, kwa sababu nilitaka kukujibu kwa ujumbe unaolingana na wako, na wiki nane baadaye zile tiki mbili za buluu zilikuwa bado zinanishtaki kwako kwamba nimesikia na nimenyamaza.

Hapo ndipo nilipoanza kufikiri kwamba tumekosea kuhusu kitu tunachopaswa kutumiana. Mwaka 2018 mtafiti Jeffrey Hall wa Chuo Kikuu cha Kansas, Marekani, alikadiria kwamba watu wanaofahamiana tu huhitaji takriban saa 50 za kuwa pamoja ili wawe marafiki wa kawaida, na zaidi ya saa 200 ili wawe marafiki wa karibu. Sisi saa hizo 200 tulizimaliza zamani, na nikijaribu kukumbuka tulizitumia kufanya nini, sipati jibu la maana: tulikaa, tulitembea bila safari, tulibishana juu ya mambo ambayo hakuna kati yetu aliyeyajua. Hatukuwahi kukutana kwa ajili ya kupeana taarifa. Lakini tangu niondoke, tumejiwekea sheria kwamba asiyekuwa na jambo kubwa asipige simu, na kwa kuwa mambo makubwa ni machache katika maisha ya mtu, tumebaki na ndoa, misiba na mwaka mpya.

Wala salamu ndogo si jambo la kudharauliwa na anayeipokea. Mwaka 2022 Peggy Liu na wenzake walichapisha matokeo ya majaribio kadhaa yaliyoonyesha kwamba mtu anayemtafuta mwenzake, hata kwa maneno machache ya kumjulia hali, hukadiria chini ya kiwango thamani ambayo mwenzake ataiona katika salamu hiyo, na kwamba mpokeaji huithamini zaidi pale inapomjia bila kutarajia. Mimi sikuhitaji majaribio. Siku uliponitumia picha ya kiatu chako kilichobanduka soli, bila neno lolote, nilicheka hadi msimamizi wangu akaja kuuliza kuna nini.

Saa nazo zimetuponza. Ile simu yetu ya kila Jumapili ilidumu tangu Novemba hadi Machi, kisha ikafa, nami kwa muda nilidhani umenichoka. Kumbe ilikuwa ni kalenda: katika nchi za Umoja wa Ulaya saa husogezwa mbele Jumapili ya mwisho ya Machi na kurudishwa nyuma Jumapili ya mwisho ya Oktoba, ilhali kwenu, kama ilivyo katika nchi nyingi zilizo karibu na ikweta, saa haiguswi mwaka mzima. Wakati wako wa kupumzika ukaangukia dakika zilezile ninazotoka kwenda zamu. Ulipiga mara mbili nikiwa mlangoni, nikakata, nawe kwa ustaarabu wako hukupiga mara ya tatu. Napendekeza tufuate saa ya kwenu, na mimi ndiye niwe na wajibu wa kusema mapema kila inapobidi kubadili muda.

Lipo deni la pili, ambalo wote wawili tunalikwepa kama shimo lililo katikati ya njia. Ulinikopa fedha mwaka juzi kwa shida ya kweli, ukaahidi kurudisha, na haikuwezekana. Sitataja kiasi wala sababu, na hakuna atakayekutambua humu. Lakini tangu siku ile salamu zako zimekuwa na adabu ya mtu anayemwandikia mwajiri, na utani wetu umekwisha. Kwangu mimi fedha zile nilikupa. Naandika hivyo ili usilazimike kuniuliza.

Nami nina la kukiri. Baada ya hapo, kila jina lako lilipotokea kwenye simu, nilikuwa nakisia kwanza unataka nini, kisha ndipo napokea. Kuna jioni moja niliiacha iite mpaka ikakatika, kwa kuwa mshahara ulikuwa haujaingia na sikuwa na nguvu za kusema sina. Wiki mbili baadaye nikaona picha ya mtoto wako mchanga kwenye stetasi ya mtu mwingine. Simu ile ilikuwa ya kunijulisha kwamba amezaliwa. Aliye ugenini hudhaniwa anazo, na asipokuwa nazo huona haya kusema. Aliyebaki hudhaniwa anaomba, na asipokuwa anaomba huona haya kupiga. Nimelifikiria jambo hili kuliko yote niliyoandika hapa, na sina namna ya kujitetea. Ningependa tu siku moja unisimulie upya habari ile, tangu mwanzo, kana kwamba nilipokea.

Tumefichana pia mengine. Ulipolazwa mliambizana msiniambie nisije nikahangaika. Mimi nami nilikaa miezi minne bila kazi nikikutumia picha za theluji. Mtaalamu wa Uingereza, Robin Dunbar, anajulikana kwa hoja yake kwamba mtu huweza kudumisha uhusiano na watu wapatao 150, na kwamba ndani ya idadi hiyo wa karibu kabisa ni kama 5 tu. Katika miezi ile minne nilijaribu kuwahesabu watu ninaoweza kuwaambia "sina kazi", na hata hao 5 sikuwafikisha, ingawa wewe ulikuwa wa kwanza kwenye orodha. Sasa najua kwamba kukuficha hakukunisaidia, ila kulikunyima nafasi ya kunicheka kidogo, jambo ambalo lingenisaidia.

Jambo dogo la kiutendaji, kabla sijalisahau. Tusitegemee njia moja. Skype, iliyotuwezesha kuonana nyuso mwaka wangu wa kwanza huku, ilifungwa Mei 2025, na nambari yangu ya zamani ilifungwa kwa kuwa sikuitia salio, kisha akapewa mtu mwingine ambaye kwa miezi kadhaa alipokea salamu zako za heri bila kukuambia kwamba si mimi. Nitakutumia anwani yangu ya barua pepe na ya posta pia. Waraka ni nusu ya kuonana, nami bado ninayo ile kadi uliyoniandikia nikiondoka.

Ninachokuomba ni kidogo. Niandikie mambo yasiyo na uzito: nani kagombana na nani, umepika nini kikaungua, mtoto kasema neno gani kwa mara ya kwanza. Ukichelewa kujibu, usianze kwa kuomba radhi. Anza pale pale ulipofika, kama ulivyofanya ulipomaliza kuanua nguo. Nami nitafanya vivyo hivyo, na nikiwa nimechoka nitakutumia neno moja, "nimeiona", badala ya kusubiri siku tulivu isiyokuja.

Jumapili nitapiga, kwa saa yenu, mtoto akishalala. Ukiwa umebanwa iache iite. Nitaacha ujumbe mfupi kuhusu jirani yangu wa ghorofa ya juu ambaye ameanza kujifunza tarumbeta, nao si wa kujibiwa. Ila ile bawaba ya mlango naomba usiitie mafuta kabla hatujaongea.

Ni mimi rafiki yako,
niliye mbali.