Mjomba, kitoe hicho kisu kabatini

Shikamoo mjomba,

Voisi yako nimeipata jana nikiwa kwenye basi natoka saiti, na nimeisikiliza mara tatu. Unasema kisu nilichompa yule kijana akuletee kimefika salama, umekitoa kwenye ala, umekitazama, halafu ukamwambia mkaza mjomba akifungie kabatini pamoja na vile vikombe vya wageni. Kisha ukauliza, kwa sauti yako ile ya mtu anayetaka kuelewa kweli, hivi hiki kisu cha Mora cha mpini mwekundu kina nini hasa mpaka watu wazima na akili zao wanavikusanya, mtu mmoja ana ishirini, wanakesha wanabishana kuhusu chuma chake, wakati kwa macho ni kisu tu cha kumenyea mihogo.

Nakujibu hapa hadharani maana si wewe peke yako unayeniuliza, ila zaidi ni kwa sababu wewe ndiye uliyenifundisha kunoa. Kama kuna mtu atakayenielewa bila kuzunguka sana ni wewe.

Nilivyokutana navyo ni hivi. Mwaka wangu wa kwanza huku Sweden, kwenye saiti, niliona kila mtu ana kisu pajani. Seremala anacho, fundi umeme anacho, mpaka fundi rangi anacho, mpini wa plastiki na ala ya plastiki, na ile ala ina tundu inafungwa kwenye kifungo cha suruali ya kazi. Nikajua ni vitu vya bure vya kampuni, kama kofia ngumu. Siku moja nahitaji kabari ya kubania fremu ya mlango na mzee mmoja seremala akanirushia chake bila hata kunitazama. Mjomba, nilipoweka makali kwenye ule mti nikasukuma, utepe wa mti ulitoka mrefu, mwembamba, umejikunja, kama umepita kwenye randa. Nikasimama. Nikakata mwingine, na mwingine, kabari ilishakwisha zamani mimi bado nachonga. Nikamuuliza kimetoka wapi akaonyesha kidole upande wa kaskazini akasema Mora.

Mora ni mji mdogo huku huku mkoani Dalarna, upande wa kaskazini wa ziwa Siljan, kutoka ninapokaa ni kama saa moja na nusu kwa gari. Na ukisema Mora, kwenye visu unamaanisha hasa kijiji cha pembeni kinaitwa Östnor. Hicho kijiji kina historia ya mikono, mjomba, watu wake walikuwa wakulima wenye ardhi isiyotosha, wakajiongeza kwa kutengeneza saa za ukutani, koki za maji, na visu. Mwaka 1891 kuna jamaa anaitwa Frost-Erik Erson, alikuwa amekwenda Marekani, akarudi nyumbani akafungua kiwanda cha kutengeneza sleji za kuburuzia magogo kwenye theluji. Visu vilikuwa pembeni tu, vya kufanyia hiyo kazi, lakini baadaye visu ndivyo vikabeba kiwanda. (Hiyo Frost ni jina la boma lao. Watu wa Dalarna wanatanguliza jina la nyumba ulikotoka, halafu ndiyo lako, na mimi nilivyosikia hivyo nilihisi niko na watu ninaowaelewa.) Mwaka 1912 pale pale Östnor kikaanza kiwanda kingine, KJ Eriksson, wakawa wapinzani majirani karibu miaka mia, wakaja kuungana 2005, na tangu 2016 kampuni inaitwa Morakniv, yaani kisu cha Mora basi.

Sasa swali lako, watu wanavutiwa na nini.

Chukua kisu cha kawaida cha dukani ukikiangalia kwa ubavu. Kina mteremko mmoja mkubwa kutoka mgongoni, halafu chini kabisa kwenye makali kuna mteremko wa pili mdogo mno, kama uzi. Huo mdogo ndio unaotakiwa kuunoa, na kuupata pembe yake kwenye jiwe ni kazi ya mtu aliyezoea, wengi wanakosea kila siku mpaka kisu kinakuwa butu kuliko kabla ya kunolewa. Cha Mora kwa kawaida hakina huo mteremko wa pili. Kuna bapa moja tu pana linaanzia katikati ya kisu linashuka moja kwa moja mpaka kwenye makali yenyewe. Ukikilaza kwenye jiwe kinajilaza chenyewe! Unasikia kwa vidole bapa limegusa jiwe lote, hapo ndipo pembe yake, unasukuma, unageuza, unasukuma. Mtoto anaweza. Unakumbuka pale kisimani ulivyokuwa unanishika kiwiko, unaniambia nisikilize, jiwe likikwaruza vibaya nimekosea, likivuma nimepatia? Kile ulichonifundisha kwa miaka, hawa watu wamekitia ndani ya umbo la kisu, kiasi kwamba hata asiyekuwa na mjomba anakipata.

Na bapa hilo hilo ndilo linalofanya kisu kiwe kama randa, kwa sababu linalala juu ya mti linaongoza makali, wewe unaamua unataka nene au nyembamba kwa kuinua mkono kidogo tu. Ndiyo maana wachonga vijiko wa dunia nzima wanaanzia hapa. Kuna kinaitwa 106 na kingine 120 kifupi, vya kuchongea tu, chuma chake kimewekwa tabaka, katikati kigumu kinachoshika makali na ubavuni laini kisivunjike, halafu kuna 164 kilichopinda kama ndoano cha kuchimbia bakuli la kijiko. Mimi nilichonga mwiko kwa 120, mwiko wa ugali mjomba, kwa mti wao wa gome jeupe wanaouita björk, na sijawahi kula ugali wenye raha kama ule.

Ila usije ukadhani ni kisu cha kila kitu. Kwa kukata karoti au kiazi kikubwa si kizuri sana, kile kibega pale bapa linapoanzia kinapasua badala ya kukata. Na kwa sababu makali yanashuka moja kwa moja bila kuongezewa unene, ukikitumia kwenye mfupa au fundo gumu la mti yanaweza kumeguka vipande vidogo. Wanaokipenda wanalijua hilo na hawalifichi, wengine wananoa kwa kukiinua kidogo sana mwishoni ili kuyapa makali nguvu.

Halafu kuna suala la msitu. Hapa ndipo mashabiki hasa walipo, wale wanaolala porini kwa hiari, wanawasha moto bila kiberiti na kujenga vibanda vya matawi. Kule Alberta, Kanada, kulikuwa na mwalimu wa maisha ya msituni, marehemu Mors Kochanski, amefariki 2019, alikuwa anaheshimika kama sheikh kwenye elimu hiyo na yeye alikuwa akivipigia debe visu hivi hivi vya bei ndogo. Na Mmarekani mmoja, Cody Lundin, kuanzia 2010 watu wakamwona kwenye televisheni anatembea peku na kaptula, kisu cha Mora kinaning'inia shingoni. Watu wakajiuliza, kama huyu mwenye elimu yote hii anaweza kuvaa kisu chochote na amechagua hicho, mimi nanunua cha dola mia tatu ili iweje?

Hapo ndipo ubishi unapokolea. Aina inayouzwa sana inaitwa Companion, makali yake ni kama sentimita kumi, mpini wa plastiki yenye mpira, na kile chuma kinachoingia ndani ya mpini hakifiki mpaka mwisho. Sasa kuna watu wanapenda kupasua kuni kwa kisu, yaani unakiweka juu ya kigogo unagonga mgongo wake na rungu mpaka kigogo kinafunguka. Hao wanasema kisu kisichokuwa na chuma mpaka mwisho wa mpini si cha kuaminiwa. Wenzao wanajibu kwamba wamepasulia kuni miaka na hakijavunjika. Mwaka 2016 kampuni ikatoa Garberg, unene milimita 3.2, chuma kimepita mpaka nyuma kinachungulia mwisho wa mpini, na mgongo una kona kali za kupigia cheche. Ni kisu imara kweli, nimekishika. Lakini bei yake inakaribia Companion nne tano hivi na mimi kwa upande wangu naona kwa kuni shoka lipo, na kisu kikishakuwa nene namna ile kinaanza kupoteza ule utamu wa kwenye mti. Wenye Garberg watanikasirikia, sawa.

Bei, mjomba. Hili nataka ulielewe kuliko yote. Huku vile vya kazi vinauzwa hadiwea, vimejaa kwenye ndoo pembeni ya kaunta, krona mia na kitu, hela ya kula mchana mgahawani siku moja. Na chuma si cha ovyo, vingi vya vile visivyoshika kutu wanatumia aina inayoitwa 12C27, chuma cha hapa hapa Sweden. Kabla sijavijua hivi nilinunua kisu kimoja cha gharama kubwa, cha watu wengine, kizuri mpaka nilikuwa nakifuta kwa kitambaa cha miwani. Sikuwahi kukifanyia kazi hata siku moja. Kila nikienda msituni nakiacha nyumbani nisikikwaruze. Cha Mora nimekichimbia mizizi, nimekwangulia rangi, nimepakia siagi, nimemwazima mtu ambaye sikumjua jina. Mikono inajifunza kwa kutumia na huwezi kutumia kitu unachokiogopea. Watu wanaokusanya ishirini hawaviweki kwenye kioo, kimoja kiko kwenye gari, kimoja kwenye begi la uyoga, kimoja gereji, kingine wameng'oa mpini wakatia wa pembe ya kulungu waliouchonga wenyewe. Na kampuni inauza hata makali matupu bila mpini kwa wanaotaka kutia wa kwao.

Binti yangu ana miaka saba na anacho chake, cha watoto, ncha imezungushwa na kuna kinga ya kidole. Shuleni huku kazi za mikono ni somo la lazima, wavulana kwa wasichana, wanachonga na kushona. Pale Nusnäs karibu na Mora wanachonga wale farasi wekundu wa mbao unaowaona kila duka la zawadi, kisu mkononi mpaka leo, nilimpeleka akakaa mbele ya mchongaji saa nzima hakusema neno. Na usidhani ni nchi ya kutembea na visu hovyo, sheria yao ya mwaka 1988 inakataza kubeba kisu mahali pa watu bila sababu ya msingi kama kazi, kwa hiyo nikishuka saiti kisu kinakwenda ndani ya begi. Kisu hapa ni chombo, kama mwiko, kama jembe.

Hicho nilichokutumia ni Classic, mpini wa ule ule mti wa björk, umbo ambalo wazee wao walikuwa nalo. Nilikuchagulia cha chuma cha kaboni makusudi. Kinapata makali haraka kwenye jiwe la kawaida, hata lile lako la kisimani, lakini kinashika kutu na upepo wa chumvi wa Tanga hauna huruma. Mimi kimoja nilikisahau usiku mmoja ndani ya ndoo ya matunda ya msituni, asubuhi kimeota wekundu, uzembe wangu mwenyewe. Kwa hiyo ukimaliza kazi kifute, kipake mafuta ya nazi tone moja kwa kidole, na usikirudishe kwenye ala kikiwa na maji. Kikianza kugeuka kijivu, chenye ubluu kidogo, baada ya kukatia ndimu na embe bichi, usishtuke wala usikisugue, huo si ubovu, ile rangi inasaidia kukilinda na kutu nyekundu. Wengine huku wanakilowesha kwenye siki makusudi ili kifike hapo upesi. Wewe huna haja, embe zipo.

Mwambie mkaza mjomba akitoe leo. Menyea mihogo, chonga mpini wa lile jembe ulilosema limelegea, mpe yule mdogo achongee kijiti ukiwa umekaa naye. Nitumie picha kikishageuka rangi. Na ncha ikivunjika usinifiche, nakuja Desemba na kingine, hicho tutakaa nacho kwenye jiwe tukitoe ncha upya.