Kwa Nini Hatufungi Heta ya Gesi Ndani ya Bafu

Kila kipupwe kinapokaribia, wateja wetu wa Arusha na vitongoji vyake huanza kuulizia heta za gesi za maji ya kuoga, na wengi wao hushangaa fundi wetu anapokataa kuifunga pale walipokusudia, yaani kwenye ukuta wa bafu, kando ya bomba la mvua. Tunakataa kwa sababu ya hewa, na jambo hilo linahitaji maelezo.

Heta ndogo inayotoa lita 6 za maji ya moto kwa dakika ina nguvu ya kilowati 12 hivi, ilhali plati moja ya jiko la kawaida la mezani ina kilowati 2 au 3. Ikiwaka mfululizo kwa saa moja hula karibu kilo moja ya gesi, na kilo moja ya gesi ya mtungi, ambayo ni mchanganyiko wa propani na butani, haiwezi kuungua sawasawa bila kupata hewa ya mita za ujazo 12 hivi. Sasa pima bafu lenye upana wa mita 1.5, urefu wa mita 2 na dari la mita 2.5: ndani yake mna mita za ujazo 7.5 tu. Wakioga watu wawili au watatu mfululizo, dirisha likiwa limefungwa, wa mwisho ndiye anayeingia katika hewa iliyokwisha kutumika.

Hewa ya kawaida ina oksijeni karibu asilimia 21. Inapopungua hata kwa asilimia chache, gesi huungua nusunusu na kuanza kutoa kaboni monoksidi, sumu isiyo na rangi wala harufu, ambayo hushikamana na damu kwa nguvu inayoizidi oksijeni zaidi ya mara 200. Anayeivuta huumwa kichwa, huona kizunguzungu na kichefuchefu, kisha miguu humlegea, naye hudhani ni uchovu au kwamba maji yalikuwa ya moto mno. Akianguka, mlango ameufunga kwa komeo kwa ndani.

Wapo wanaotujibu kwamba wangenusa. Harufu kali ya gesi tunayoijua hutiwa makusudi ili uvujaji ugundulike mapema, lakini gesi ikishawaka harufu hiyo huungua pamoja nayo, kwa hiyo pua haimsaidii mtu dhidi ya kaboni monoksidi.

Wengine hutuonyesha dirisha. Dirisha linalofungika hatulihesabu kuwa njia ya hewa, kwa kuwa hufungwa hasa wakati wa baridi, ambao ndio msimu heta inapofanya kazi zaidi. Nyumba nyingi za zamani zilikuwa na madirisha ya luva na matofali yenye matundu karibu na dari, hivyo zilipumua zenyewe hata mwenyewe asipojali. Madirisha ya alumini na dari za jipsamu zimependezesha nyumba, na sisi hatuna ugomvi nazo, ila zimeziba mianya hiyo yote.

Kwa hiyo heta ya kawaida tunaifunga nje, kwenye ukuta wa nyuma uliokingwa na mvua, mbali na madirisha, na kuingiza ndani bomba la maji ya moto peke yake. Gharama huongezeka kidogo kwa ajili ya mabomba. Asiyetaka heta ikae nje, labda kwa kuhofia wezi, anaweza kununua ile ambayo chumba chake cha moto kimefungwa kabisa, inayovuta hewa kutoka nje na kutoa moshi nje kwa bomba lake maalumu. Ni ghali zaidi, lakini ndiyo aina pekee ambayo kanuni za Uingereza za mwaka 1998 zinaruhusu kufungwa bafuni, nasi tunashika msimamo huohuo.

Jikoni tunataka matundu mawili yasiyofungika, yanayotoka moja kwa moja nje. La chini huwekwa karibu na sakafu, kwa sababu propani ni nzito kuliko hewa kwa takriban mara moja na nusu na butani kwa takriban mara mbili, hivyo gesi inayovuja hutambaa chini. La juu hutoa hewa ya moto iliyoungua. Tafadhali usiyazibe kwa matambara baridi inapozidi. Ukihofia panya, weka wavu wenye macho mapana, maana ule wa mbu huziba kwa mafuta na vumbi kabla ya mwaka kuisha. Moto ukigeuka kuwa wa njano, au sufuria zikianza kushika masizi, zima jiko, fungua milango, kisha mwite fundi alikague.

Unapokuja dukani kuulizia heta, tuletee vipimo vya bafu, picha ya ukuta wa nje na kimo cha tangi lako la maji, ili tukuambie mapema ni heta ipi inayofaa na itakaa wapi.