Mwoneni daktari wa anga kabla hamjasaini fomu

Mhariri salaam,

Mimi ni mama, naishi hapa Ujiji, naomba kanafasi niongee na wazazi wenzangu wenye vijana wanaotaka urubani, maana sisi tumepoteza hela na miezi mingi kwa jambo ambalo lingeisha kwa maongezi ya nusu saa na daktari.

Kijana mwenyewe ni mtoto wa dada yangu, kwahiyo ni mwanangu. Tangu mdogo akisikia ndege inashuka uwanja wa Kigoma anaacha sahani anatoka nje. Kamaliza kidato cha sita, fizikia na hesabu kafanya vizuri, dada akauza dagaa na mawese pale Kibirizi, wajomba wakachangia, tukalipa chuo malipo ya kwanza, ndo tukaambiwa sasa akapime afya ya rubani, daraja la kwanza, lile la marubani wa kuajiriwa, kwa daktari aliyeidhinishwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Tukaelekezwa Dar. Tukapanda treni, zaidi ya kilometa 1,200, nimemsindikiza mwenyewe.

Ile fomu inauliza kila kitu, moyo, kizunguzungu, kuzirai, kifafa, kulazwa, dawa unazotumia, na kwenye mambo ya kushtuka mwili kijana akanigeukia, mama mdogo mimi niliwahi kupata degedege? Nikamwambia andika ndiyo. Usiku ule siusahau, alikuwa na miaka kama mitatu, malaria imempanda, macho yamegeuka juu, meno ameyakaza, tumemfunga kwenye khanga tunakimbia nae gizani. Akaweka tiki, akasaini.

Daktari alivyofika pale kwenye tiki kalamu ikasimama. Akauliza, mama, ilikuwa mara ngapi? Mara moja daktari. Alikuwa na homa? Sana. Karatasi za hospitali zipo? Hapo nikakosa la kusema. Kadi ya kliniki ililowa kwenye mafuriko zamani, na kwakweli usiku ule kabla ya hospitali alipelekwa kwanza kwa mzee mmoja akafukizwa, nyie wa huku mnajua degedege lilivyokuwa linachukuliwa, kwahiyo watoto wengi wa umri wake hawana hata karatasi moja.

Yule daktari hakuwa mbaya kabisa. Alinieleza vizuri kwamba degedege la homa ya utotoni na kifafa ni vitu viwili tofauti, ila fomu ikishasainiwa hawezi kuichana wala kuiweka droo, lazima apeleke majibu Mamlaka, na wao wakiona tiki bila maelezo hawana namna ya kujua ni lipi kati ya hayo mawili. Kweli ikaja barua, aende kwa daktari wa mishipa ya fahamu, afanyiwe kipimo cha umeme wa ubongo, alete historia iliyoandikwa. Miezi mitano. Nafasi ya chuo ikapita na ile hela hatukurudishiwa.

Neno lililoniuma zaidi ni alivyosema yule daktari mwishoni, mama mngekuja kwanza kuniuliza tu, bila kujaza kitu, ningewarudisha Kigoma mkatafute faili.

Kumbe inawezekana! Unaenda kama mtu anayetaka ushauri, unalipia muda wake, hujaomba cheti, hujasaini, hakuna kinachopelekwa popote. Unamwambia kila kitu ulichonacho, anakwambia hiki hakina shida, hiki kinataka karatasi fulani, hiki kitakukwamisha usitupe ada. Marekani marubani wanafanya hivi sana, kwasababu kule mtu akiomba rasmi akanyimwa, anakosa mpaka ile njia ya kurusha vindege vidogo vya michezo kwa kutumia leseni ya gari badala ya cheti cha afya. Na hizi fomu za rubani zinauliza pia kama umewahi kunyimwa cheti, yani jibu la mara ya kwanza linakufuata.

Naomba nieleweke, sisemi mtu aende akafundishwe cha kuficha. Kudanganya kwenye ile fomu ni kosa kisheria na ni hatari kwa watu waliokaa nyuma yako kwenye ndege. Kijana wetu alisema kweli na sijutii hata kidogo, nachojuta ni kwamba ukweli wake tuliupeleka mikono mitupu.

Baada ya hapo jirani yangu wa Mwanga na yeye ana kijana, anavaa miwani na utotoni alikuwa na pumu. Mtaani wanamwambia miwani tu imeshamtoa, na si kweli, kwa daraja la kwanza wanataka kila jicho lisome 6/9 (yani kwa mita sita lione kile ambacho mwenye macho mazima anakiona kwa mita tisa) na macho yote mawili 6/6, hata kama ni kwa miwani. Nikamwambia, jirani, usimpeleke kupima, mpeleke kuuliza. Daktari akawaambia leteni cheti cha macho chenye namba za miwani, leteni barua inayosema mara ya mwisho katumia dawa ya pumu lini, afanye kipimo cha kupuliza pumzi. Pale pale akamfungulia kile kitabu cha madoa ya rangi, chenye namba zimejificha katikati ya vidoa, kijana akazisoma zote. Hilo la rangi wazazi wengi hatulijui, mtoto anaweza kukua mpaka kidato cha sita hatofautishi vizuri nyekundu na kijani na nyumbani hamjui, na rubani akija kutua anaangalia taa nne pembeni ya njia ya ndege, akiona mbili nyeupe mbili nyekundu ndo yuko sawa. Bora ulijue hilo kabla hujauza kiwanja.

Huyo kijana alirudi na karatasi zake kwenye bahasha, akajaza fomu, akapata cheti bila barua ya kuitwa tena.

Ombi langu kwa Mamlaka, tuleteeni hao madaktari huku magharibi hata mara moja kwa mwaka, Kigoma na Tabora, wakae siku mbili wasikilize vijana kabla ya kupima mtu yeyote. Nauli ya watu wawili kwenda na kurudi Dar kwa ajili ya kuuliza swali ni nzito, na ndo maana watu wanaruka hiyo hatua.

Wa kwetu ameshapata ile ripoti ya ubongo, iko safi, imetumwa, tunasubiri barua.

Mama mdogo,
Ujiji, Kigoma