Kosa moja la karatasi, na timu nzima nje

Mhariri,

Toleo lenu la Alhamisi lilichapisha matokeo ya robo fainali za ligi ya chemsha bongo ya mabaa, na mechi yetu ikapewa mstari mmoja: tumefungwa 39 kwa 37. Hayo ndiyo matokeo yaliyoandikwa kwenye karatasi ya mechi, kwa hiyo sina ugomvi na mwandishi wenu. Naomba nafasi nieleze namna pointi hizo zilivyopatikana, kwa sababu yaliyotukuta sisi Jumatano yataikuta timu nyingine msimu ujao iwapo kamati ya ligi itaendelea kuichukulia wiki ya mtoano kama wiki nyingine yoyote ya mashindano.

Kwa wasomaji wasioufahamu mchezo wenyewe, kwetu timu huwa na wachezaji wanne, kila mmoja na kiti chake, na maswali hupita kiti kwa kiti, mara upande huu, mara upande ule. Mwenye zamu akijibu peke yake, timu yake hupata pointi mbili. Akishauriana na wenzake, pointi moja. Wakikosea, swali huenda kwa wapinzani, ambao wakilipata huondoka na pointi moja. Msoma maswali ndiye mwenye karatasi ya majibu, na kanuni inasema kwamba uamuzi wake ni wa mwisho.

Tulipofika swali la mwisho tulikuwa nyuma, 38 kwa 37, na zamu ilikuwa ya kiti chetu cha nne, bwana mmoja mtulivu ambaye hufuta miwani yake kabla ya kila jibu, hata lile analolijua kama jina lake. Aliulizwa mji mkuu wa Burundi. Akafuta miwani, akaivaa, akajibu bila hata kututupia jicho: Gitega. Msoma maswali aliinamia karatasi kwa muda, akasema si sahihi, kisha akawageukia wapinzani. Wao wakasema Bujumbura, wakapewa pointi yao, na mechi ikaishia hapo.

Burundi iliifanya Gitega kuwa mji mkuu wa kisiasa mwaka 2019, na Bujumbura ikabaki kuwa mji wa shughuli za kiuchumi. Maana yake ni kwamba tulistahili kushinda 39 kwa 38. Swali moja lilihamisha pointi tatu, mbili tulizonyimwa na moja waliyopewa wenzetu, na hakukuwa na swali jingine la kufidia. Wapinzani siwalaumu hata kidogo. Nahodha wao alinifuata nje akaniambia kwamba wote wanne walijua ni Gitega, ila jibu hilo lilipokwisha kukataliwa hawakuwa na mji mwingine wa kuutaja.

Katika ligi ya kawaida nisingeandika barua hii. Timu 16 zikikutana zote mara moja moja, zinachezwa mechi 120, na kila timu inacheza 15; kosa la karatasi linalokuumiza wiki hii, wiki ijayo linaweza kumwumiza mwenzako, na mwisho wa msimu jedwali huwa limekwisha kuyameza makosa mengi ya aina hiyo. Mtoano wa timu hizo hizo 16 una mechi 15 tu, na kila mechi huirudisha timu moja nyumbani. Jumatatu wanaondoka nane, Jumatano wanne, Ijumaa wawili, na Jumamosi anayebaki mshindi ni mmoja. Hakuna wiki ijayo ya kusawazisha. Kwa hiyo kanuni ileile, kwamba neno la msoma maswali halipingwi, ambayo kwenye ligi inaokoa muda na kuzuia kelele, kwenye mtoano inageuka kuwa kanuni ya kumfunga asiyekosea. Kamati imeinakili kutoka kitabu kimoja cha kanuni hadi kingine bila kuliona hilo.

Tatizo linaanzia kwa mtunga maswali. Dunia haisimami kuisubiri karatasi yake. Aliyetunga swali la idadi ya sayari kabla ya mwaka 2006 alikuwa na jibu la tisa mkononi; mwaka huo Pluto iliondolewa katika orodha, na swali likabaki na jibu bovu. Urefu wa mlima Everest ulitangazwa upya Desemba 2020 kuwa mita 8,848.86. Kuna pia maswali ambayo ubovu wake hautokani na umri bali na namna yalivyoulizwa. Jumatatu, katika mechi niliyoitazama kama mshabiki, mchezaji aliulizwa muda bora wa Eliud Kipchoge katika marathoni. Alisema saa 1:59:40, akakosa, kwa kuwa karatasi ilitaka 2:01:09. Muda wa kwanza aliukimbia Vienna mwaka 2019, katika mbio zilizoandaliwa kwa ajili yake peke yake, huku wasaidizi wakipokezana kumwongoza, na ndiyo maana hautambuliwi kama rekodi; wa pili aliukimbia Berlin mwaka 2022, katika mashindano ya kawaida. Kama swali lingesema “muda uliotambuliwa rasmi”, ubishi usingekuwapo. Lilivyoulizwa, majibu yote mawili yalikuwa na haki ya kusimama.

Kuna jambo la uwiano pia, ambalo wachezaji hulizungumza chini chini na kamati hujifanya hailisikii. Maswali hutungwa mawilimawili, moja la kila upande, na yanapaswa kulingana kwa ugumu. Katika raundi ya tatu ya mechi yetu, kiti cha pili cha wapinzani kiliulizwa alama ya kikemia ya oksijeni, na chetu kikaulizwa ya tungsteni. Tungsteni ni W, na kijana wetu aliijua. Bahati ilikuwa kwake, si kwa mtunga maswali.

Na sare je? Mojawapo ya mechi za Jumatatu iliisha kwa pointi sawa, ikaamuliwa kwa swali moja na kwa yule atakayewahi kunyanyua mkono. Katika baa yenye watu wengi, mwanga hafifu, na msoma maswali ambaye macho yake yako kwenye karatasi, mkono uliowahi ni ule uliokaa karibu naye. Njia bora inajulikana siku nyingi. Liulizwe swali la tarakimu ambayo watu wachache wanaikumbuka kamili, kila timu iandike makisio yake kimya, na atakayekaribia zaidi apite. Ulizeni, kwa mfano, Mfereji wa Suez una urefu wa kilomita ngapi. Ni 193, lakini hata asiyejua ana cha kuandika, na hakuna mkono wa kugombaniwa.

Ninachoiomba kamati si kikubwa. Maswali ya wiki ya mtoano yasomwe na mtu wa pili, asiyekuwa mtunzi wala mchezaji, kabla hayajafika mezani, na kila swali la vyeo, miji mikuu na rekodi liwe na mwaka ambao jibu lake lilihakikiwa. Tena iruhusiwe rufaa moja kwa kila timu, iwasilishwe na nahodha kabla karatasi ya mechi haijatiwa saini. Simu zimekatazwa mezani, na ni sawa kabisa zikatazwe, kwa hiyo uhakiki ufanywe na mwakilishi wa kamati, ambaye hata hivyo huwa amekaa pale jioni nzima bila kazi zaidi ya kuhesabu pointi zilizokwisha kuhesabiwa. Nimewahi kuambiwa kwamba rufaa zitachelewesha mechi. Jumatano uhakiki ungechukua dakika mbili. Ubishi uliofuata nje ya mlango ulichukua saa nzima.

Sitaki nionekane kana kwamba tulicheza bila doa. Mimi mwenyewe, katika raundi ya tano, niliulizwa bahari ipi haina pwani, nikajibu kwa kujiamini kabisa kwamba ni Bahari ya Chumvi, ambayo si bahari bali ni ziwa, na pwani inayo pande zote. Jibu lilikuwa Bahari ya Sargasso, ambayo mipaka yake ni mikondo ya maji tu. Pointi mbili zile ni zangu, na wenzangu wananikumbusha kila tunapoonana. Lakini kosa langu lilikuwa langu, na nililifanya mbele ya watu wote waliokuwa pale. La karatasi halina mwenyewe.

Barua kama hii nimeipeleka kwa kamati. Sikuomba mechi irudiwe, kwa kuwa waliotutoa nao walitolewa Ijumaa, kwa haki kabisa, na hakuna tena mechi ya kurudia.

Nahodha wa timu iliyotolewa robo fainali