Mwanangu, kabla hujaweka mbegu chini

Mwanangu kipenzi, mama,

Salaam nyingi toka huku Muheza, sote wazima, mama yako tu kikohozi kidogo lakini anaendelea vizuri. Juzi ulivyopiga ukaniuliza hivi dalili za wazee za mvua ni za kweli au ufuate tu utabiri wa TMA, wale Mamlaka ya Hali ya Hewa, bando likakata, nami nikaona bora nikuandikie mana jambo lenyewe si la kujibu haraka haraka. Shamba la Handeni umeshakodi na mbegu umenunua kwa hela yako ya jasho.

Mi dalili naziamini. Ila kila dalili ina kazi yake, kuna ya msimu mzima, kuna ya kesho na keshokutwa, na kuna nyingine inaongelea yaliyopita kabisa afu watu wanadhani inatabiri. Chukua miembe, utasikia ikitoa maua mengi basi mwaka huo mvua hakuna. Hiyo siitegemei, mana mwembe unachanua sana ukishapigwa na ukavu na baridi ya miezi ya nyuma, hapo unasoma kipupwe kilichopita sio masika ijayo. Kumbikumbi nao wanatoka ardhi ikishaloa, ndo maana mi nawapenda zaidi, hawabahatishi, wanakwambia maji yameshaingia chini.

Kilimia ndo kalenda. Wazee wanasema kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Ni zile nyota zilizokusanyika pamoja, zinapotea upande wa magharibi kuelekea Mei, zinaonekana tena alfajiri mashariki mwezi wa Juni. Nyota haichelewi, mvua ndo inachelewa, kwa hiyo ukiona kilimia kinakaribia kuzama na bado hujapanda mahindi basi achana nayo, weka kunde na mihogo.

Upepo pia usiupuuze. Kaskazi ikishalegea mwezi wa tatu, tukaingia tanga mbili, upepo hauna mwelekeo na fukuto linakufanya ulale mlango wazi, hapo masika iko njiani, na kusi ikishika ndo mvua yenyewe. Huku kwetu tunatazama na mawingu yanavyokaa juu ya milima ya Amani, na tipitipi akianza kulia mfululizo, ile sauti yake kama maji yanamwagwa toka kwenye chupa ya shingo nyembamba, watu wanaanza kunoa majembe.

Sasa kinachoua wakulima wengi ni mvua za kudanganya. Inapiga siku mbili kubwa, kijiji kizima kinakimbilia shambani, mahindi yanaota vizuri, afu jua linawaka wiki mbili na kila kitu kinakauka. Ikinyesha we nenda na jembe uchimbe mpaka urefu wa kiganja, chota udongo wa chini kabisa uubonye, ukishikana panda, ukimwagika rudi nyumbani hata kama jirani anapanda. Na kuvumbika mbegu kwenye udongo mkavu kusubiri mvua, kwa Handeni ilivyo kavu, mwaka wa kwanza usijaribu shamba zima.

TMA wasikilize tena sana, mwanangu. Mvua za El Niño za 1997 mpaka 1998 hazikujua kama masika imefika au haijafika, zile zilitokana na joto la bahari ya mbali ambayo hakuna ndege wala mti wa kijijini unaoiona. Kimbunga Hidaya nacho, Mei 2024, satelaiti ndo ziliona kinakuja na watu wa pwani wakatangaziwa mapema. Utabiri wa msimu wakisema chini ya wastani chukua mbegu ya mahindi ya Katumani inayowahi kukomaa, na mtama uongeze. Lakini wao wanasema mkoa au wilaya, hawawezi kukwambia ekari yako wewe imeloa au la, hapo ndo dalili zinaingia. Kule Bunyore magharibi mwa Kenya ukoo wa Nganyi, watu wa mvua toka enzi na enzi, wanakaa na wataalam wa hali ya hewa, kila upande unaleta utabiri wake wanapatana kauli moja ya kuwapa wakulima. Hata Lushoto hapa jirani watafiti wa SUA, chuo kikuu cha kilimo cha Sokoine, walikaa na wazee wakaandika dalili zao, na walifanya jambo kubwa mana miti tunayoisoma inakatwa mkaa kila siku na wazee wenyewe wanaondoka.

Ila za Muheza usizibebe zote Handeni. Huko kukavu zaidi, mibuyu na migunga ndo mingi, na mbuyu unaweza kutoa majani hata kabla ya mvua kwa maji uliyotunza shinani. Tafuta mzee wa Kizigua aliyelima hapo miaka mingi, msalimie vizuri, kaa naye chini umuulize, afu unipigie uniambie wao huko wanaangalia nini, mana na mimi nataka kujua.

Baba yako