Wekundu wa bahari ya Malindi watoka bara

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo linalotusumbua kila mwaka sisi tunaopeleka watalii baharini hapa Malindi, nalo ni maji ya bahari kugeuka rangi. Likizo ya Desemba iliyopita, familia moja kutoka Nairobi iliyokuwa imelipia siku nne hotelini ilishuka ufukweni asubuhi, ikakuta mawimbi yana rangi ya chai ya maziwa. Baba wa familia hakuficha hasira yake. "Kapteni," akaniuliza, "hizi hoteli zinamwaga vyoo baharini?" Wakala wake alikuwa amemwonyesha kwenye simu picha ya maji ya samawati, picha ambayo kwa kutazama tu majabali yaliyomo nilijua kuwa ni ya Watamu.

Nilichota maji yale kwa chupa tupu ya jemu, nikaifunga, nikaiegemeza tezini, nyuma ya mashua, mahali pasipotikisika sana. Tuliporudi alasiri kutoka mwambani, utando mwekundu usiozidi unene wa sarafu ulikuwa umetua chini, na maji ya juu yalikuwa karibu safi kabisa. Niliyamwaga, nikampakaza lile tope kiganjani. Lilipokauka liliacha chembe za ulanga zinazometameta, zile zile zinazong'aa katika mchanga wetu jua likiwa utosini. Hapo akakumbuka mwenyewe vumbi la Tsavo lililoganda kwenye magurudumu ya gari lake.

Udongo huo hauletwi na hoteli yoyote. Unaletwa na mto Sabaki, ambao huingia baharini kilomita chache kaskazini mwa mji wetu. Ni mto wa pili kwa urefu nchini baada ya Tana, ila jina lake hubadilika njiani: huko juu unaitwa Athi, ukishakutana na mto Tsavo unaitwa Galana, na kwetu ni Sabaki. Mvua zikinyesha Ukambani na katika nyanda kame za katikati, mashamba yasiyo na matuta na malisho yaliyokwanguliwa na mifugo humomonyoka, na shehena yote hiyo inashushwa mlangoni petu. Mchanga mzito huzama karibu na mdomo wa mto, na ndio uliopanua ufuo wetu hata baadhi ya majengo yaliyokuwa karibu na maji sasa yako mbali nayo. Udongo laini ndio unaosafiri. Huelea kwa siku nyingi, ukizuia mwanga kupenya chini, na badala ya samawati jicho huona wekundu.

Kinachoamua udongo huo uelekee wapi ni upepo na mkondo. Wakati wa kusi, upepo unaovuma kutoka kusini, maji ya Sabaki husukumwa kaskazini, upande wa Mambrui na ghuba ya Ungwana, ambako wavuvi wa kamba hawalalamiki hata kidogo kwa kuwa rutuba ya mto ndiyo inayowalisha. Upepo ukigeuka kuwa kaskazi kuelekea mwisho wa mwaka, huku mto ungali umefurika kwa mvua za vuli, tope hurudi kusini na kutukuta sisi, tena katika msimu wenye wageni wengi. Watamu iko mbali zaidi kusini na haina mto mkubwa. Mchanga wake mweupe, ambao ni matumbawe na makombe yaliyosagika, huurudisha mwanga juu kupitia maji machache, na ndiyo maana picha zake hupendeza vile.

Sisemi kwamba hali hii ni ya asili tupu. Wanasayansi waliwahi kulichunguza tumbawe la hapa Malindi lenye umri wa takriban miaka 300, wakapima kiasi cha bariamu iliyohifadhiwa katika tabaka zake, kwa kuwa madini hayo hufika baharini pamoja na udongo wa mtoni. Matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka 2007, yalionyesha kwamba mmomonyoko uliongezeka tangu mwanzoni mwa karne ya 20, yaani wakati wa ukoloni, ardhi ilipoanza kufyekwa na kulimwa kwa namna mpya. Dawa yake inajulikana huko huko bara. Yale matuta yanayoitwa "fanya juu" yamezuia udongo Machakos kwa miaka mingi, na kila shamba linalochimbwa matuta hayo linatusaidia sisi tulio pwani.

Wala sidai kwamba rangi ni cheti cha usafi. Maji ya samawati yanaweza kuwa na vijidudu vya kinyesi, na maji mekundu yanaweza yasiwe navyo. Hilo hujulikana kwa kupimwa maabara, na ningependa vipimo hivyo vibandikwe hadharani ufukweni, hasa tukikumbuka kwamba mto Nairobi nao humwaga maji yake katika Athi.

Ombi langu kwa mawakala na wenye hoteli ni dogo. Mgeni anayelipia Desemba aambiwe mapema, kabla hajatoa pesa, kwamba huenda akakuta maji mekundu, na aelezwe sababu. Wengi hawatavunja safari. Familia niliyoitaja ilikaa siku zake zote nne, na siku ya tatu watoto waliniomba nisimamishe mashua kwenye ule mstari ambapo maji ya mto hukutana na maji ya kilindini, huku wekundu na huku samawati, kama vitambaa viwili vilivyoshonwa pamoja. Walichota maji pande zote mbili, kila mmoja na chupa yake.

Nahodha wa mashua ya watalii,
Malindi