Tukumbukeni na sisi wa bustani za nyumbani

Mhariri, ukurasa wenu wa kilimo ni mashamba makubwa tu, sisi wa bustani za nyuma ya nyumba hamtuandikii. Huku Njombe mwezi wa sita na wa saba baridi ni kali, mbegu ya nyanya ukiisia nje haioti vizuri maana inataka joto la nyuzi 20 na kitu, ndo maana tunaotesha jikoni karibu na moto kwenye makopo yaliyotobolewa chini, ikishachomoza tu unaipeleka dirishani la sivyo inarefuka na kulegea. Na nyanya ya kwako kwenye maharage, jamani, ni tamu! Tuandikieni basi kuhusu kutunza mbegu za asili, maana hizi haibridi (mbegu chotara, za kuchanganya aina mbili) ukitunza mbegu yake msimu ujao haitoki vilevile.

Mama wa bustani, Njombe